Shirika lisilogawa kitu lina kazi gani kwetu?

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama 28 huku Mpwapwa. Walikuja watu wa majiko banifu, wakatupa majiko. Wakaja wa gesi ya samadi, wakajenga mtambo kwa mwenyekiti wetu; sasa una miaka miwili haujawaka. Wakaja wa miche. Mwezi uliopita wamekuja wengine, na hawa wanasema hawagawi chochote, kazi yao ni kuunganisha wadau. Wanataka tukae nao kila Alhamisi ya pili ya mwezi. Wenzangu wanasema hao ni madalali waliovaa fulana. Kwa nini tusiende wenyewe kwa watafiti na benki? Shirika lisilogawa kitu lina kazi gani kwetu?"

Marahaba, mama Katibu, na salamu kwa wenzako wote 27. Swali lako nimelisoma mara tatu. Limegusa kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini huku Dodoma na Singida, na wenzako hawajakosea kuwa na shaka. Shirika la namna hiyo linaweza kuwafaa kuliko yote matatu yaliyotangulia, na linaweza pia kuwamalizia Alhamisi zenu bure. Kugawa au kutogawa siko kunakoamua.

Tuanze na neno hilo, dalali. Pale soko la Kibaigwa dalali ana kazi yake halali. Anajua nani ana mahindi na nani ana lori, na anapata chake kwa kila gunia. Lakini riziki yake inadumu kwa sababu mkulima na mnunuzi hawajuani. Wakishapeana namba za simu, yeye hana kazi. Sasa mfikirie mshenga. Mshenga anakwenda kwa wazee wa upande wa pili na maneno ambayo kijana mwenyewe akiyasema ataharibu. Anapokea jibu kali, njiani analipoza, likifika linasikilizika. Wazee wakitaja ng'ombe wengi kupita kiasi, anawaeleza hali ya kijana. Kijana akileta ubahili, anamkemea. Miezi minane baada ya harusi, wakikorofishana, yeye ndiye anayeitwa. Na anajua kazi imekamilika siku anapoona familia mbili zinatembeleana bila kumpitia.

Shirika linalosema linaunganisha wadau linapaswa kuwa mshenga. Mimi huyaita mashirika ya kiungo, na katika taaluma ya ubunifu na mageuzi ya kuelekea maisha endelevu yamechunguzwa kwa miaka mingi. Kabla ya wanataaluma, hata hivyo, twende kwa mwenyekiti wenu tuutazame ule mtambo, maana nusu ya jibu lako imezikwa pale.

Gesi ya samadi si ngeni nchini. Katika miaka ya 1980 CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini, ikishirikiana na Wajerumani, iliurekebisha mtambo wa kuba unaochimbiwa ardhini uendane na saruji, ng'ombe na mafundi wa hapa. Dodoma yenyewe tulikuwa na MIGESADO, yaani Miradi ya Gesi ya Samadi Dodoma, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa kueneza mitambo hiyo majumbani. Kwa hiyo ujuzi upo. Mtambo wa mita za ujazo sita unataka kama kilo 40 hadi 60 za samadi mbichi kila siku, ndoo mbili au tatu, na maji kiasi hicho hicho. Mwenye ng'ombe wa kufungia bandani anaweza. Lakini ng'ombe wetu wa Kigogo hutoka asubuhi wakarudi magharibi. Samadi ya mchana inabaki machungani, ya usiku inakanyagwa zizini na kuchanganyika na vumbi. Na ikifika mwezi wa kumi, hizo ndoo tatu za kumwaga kwenye tundu la mtambo ni maji ambayo mama wa nyumba hiyo ameyabeba kichwani.

Hesabu waliohusika. Fundi aliijua kuba. Ofisa mifugo alimjua ng'ombe. Watu wa maji walikijua kisima. Mfadhili alihesabu mitambo iliyojengwa, akaandika ripoti yake. Inawezekana kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri kabisa. Lakini kuuliza kama jiko litawaka baada ya mwaka haikuwa kazi ya mtu yeyote. Mtambo umekufa katikati ya watu wanne waadilifu, na hapo katikati ndipo shirika la kiungo linapostahili kukaa.

Mfano mwingine uko jikoni kwako. Vijiji vingi vya Mpwapwa vimefikiwa na umeme kupitia REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, kwa ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000. Umeme huo unawasha taa na kuchaji simu. Makande yanapikwa kwa kuni saa tatu, nne. Sufuria ya presha ya umeme inaivisha kilo moja ya maharage kwa umeme usiofika yuniti moja, na kwa mteja mdogo wa TANESCO yuniti ni shilingi 100 kabla ya kodi. Linganisha na fungu la kuni au kopo la mkaa. Sasa niambie, nani aliwahi kukaa na akina mama wa kijiji chenu akapiga hesabu hiyo mbele yao, na mita ikisomwa? TANESCO anauza umeme. Mwenye duka mjini anauza sufuria, na hajui kama kijijini kuna umeme unaotosha kuiwasha. SACCOS, chama cha akiba na mikopo, inakopesha mbolea, haijawahi kukopesha sufuria. Na kuna jambo la kuangalia sana: ukizidisha yuniti 75 kwa mwezi unatoka kwenye bei ya mteja mdogo, na kila yuniti ya ziada inakugharimu karibu mara tatu au zaidi. Asiyeelezwa hilo mapema atapika kwa furaha mwezi wa kwanza, wa pili atairudisha sufuria kabatini na kuwaambia majirani kwamba umeme unakula hela. Habari hiyo mbaya itatembea kuliko nzuri, na ina haki ya kutembea, kwa sababu ni kweli iliyomkuta.

Hapo hapajakosekana kifaa. Kilichokosekana ni mtu wa kushona vipande.

Unauliza kwa nini msiende wenyewe. Nendeni! Tena hapo hapo Mpwapwa mna TALIRI, kituo cha utafiti wa mifugo kilichozalisha ng'ombe wa aina inayoitwa Mpwapwa. Mtu anaweza kwenda na kurudi mchana mmoja. Hamhitaji shirika kuwashika mkono hadi getini. Vivyo hivyo mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao asilimia 4 ni ya wanawake. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu analipwa mshahara kuwaelekeza namna ya kusajili kikundi na kuandika andiko. Yeye naye ni kiungo, wa serikali, na shirika linalojifanya yeye hayupo linaanza vibaya.

Shida inakuja baada ya getini. Mtafiti atakuuliza maswali ambayo jaribio lake linaweza kuyajibu, nawe unataka kujua kwa nini maziwa yanakatika mwezi wa kumi. Wote wawili mna haki, lakini mnazungumza vitu viwili. Benki nayo itataka marejesho kila mwezi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na fedha ya shamba inaingia mara moja kwa mwaka. Mkulima wa alizeti anayelipa mkopo mwezi Februari anauza mbuzi. Kikundi kikienda peke yake na kusema "tunaomba tulipe baada ya mavuno", ofisa mikopo atajibu kwamba mfumo hauruhusu, na hasemi uongo. Anayeweza kuubadilisha mfumo yuko makao makuu, na hatawasikiliza akina mama 28. Akielezwa jambo hilo hilo na mtu aliyebeba hesabu za vikundi arobaini, za misimu mitatu, pengine atasogeza kiti.

Na hapa ndipo penye moyo wa jibu langu, mama. Nimeona mashirika mengi yanayojiita viungo ambayo semina zao zote wanafanyiwa wakulima. Jinsi ya kutunza vitabu, jinsi ya kujieleza kwa benki, jinsi ya kufikia ubora wa mnunuzi. Sisi tunanyooshwa, tunanyooshwa tena, na upande wa pili umekaa vilevile. Mshenga anayehubiri upande mmoja tu ni mjumbe wa upande ule mwingine. Kiungo halisi kinawasumbua wote wawili. Kinamleta ofisa wa benki alale kijijini siku mbili aone fedha inavyoingia na kutoka. Kinamwambia mtafiti kwamba mbegu yake ni nzuri ila inaiva wakati mbaya kwa ndege. Kinamwambia mnunuzi kwamba masharti yake hayatekelezeki bila kifaa fulani, na kinamuuliza nani atakinunua.

Nina sababu ya kulisema hilo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mratibu wa mradi mmoja Chamwino. Tuliwaunganisha wakulima wa mtama mweupe na mnunuzi mkubwa. Mkataba ukasainiwa, picha zikapigwa, tukaondoka tukiwa na furaha. Wakati wa mavuno lori lilikuja, mtama ukapimwa unyevu, ukakataliwa. Wakulima walikausha kama walivyokausha siku zote, kwa kung'ata punje kwa jino. Mnunuzi alikuwa na kiwango chake kwa asilimia, kimeandikwa ukurasa wa tatu wa mkataba. Kipima unyevu kimoja, kilichotumwa kijijini wiki mbili kabla, kingeokoa kila kitu. Mimi niliusoma ule ukurasa wa tatu. Sikurudi kuuliza watapimaje. Mzee mmoja aliniambia, bila hasira, "Mlitukutanisha, hamkutuunganisha." Msimu uliofuata wale wakulima waliuza kwa walanguzi, na mnunuzi akaandika kwamba wakulima wa eneo lile hawaaminiki.

Wanataaluma nao wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 2006 Mwingereza Jeremy Howells aliorodhesha kazi kumi ambazo viungo hufanya katika ubunifu, kuanzia kuchungulia kinachokuja mbele hadi kupima, kuhakiki na kutafuta soko, na akaonyesha kwamba kutambulisha watu ni sehemu ndogo tu. Mwaka 2019 Paula Kivimaa wa Finland na wenzake walipitia tafiti nyingi wakayagawa mashirika haya makundi matano. Yapo yanayotazama mfumo mzima na kutaka kuugeuza. Yapo yaliyozaliwa ndani ya mfumo uliopo lakini yamepewa jukumu la kuusukuma ubadilike. Kwa macho yangu REA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, inaingia hapa. Yapo yanayolea kitu kipya kikiwa bado kichanga, kama shirika la TaTEDO lilivyofanya kwa nishati safi tangu 1990. Yapo yanayosimamia mchakato au mradi mmoja hatua kwa hatua. Na yapo yanayosimama na watumiaji, mfano MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza mwaka 1993. Jambo la manufaa kwenu katika mgawanyo huo ni hili: moja haliwezi kufanya kazi ya jingine, na mahitaji yanabadilika kadiri mageuzi yanavyokua, kwa hiyo hupokezana kijiti. Anayelea kifaa kichanga kwa mapenzi anaweza kuwa mtu mbaya kabisa wa kukikagua kikishaenea. Waulizeni wageni wenu wao ni wapi kati ya hao. Wakijibu "sisi ni vyote", ongezeni umakini.

Mkoa wetu una historia inayoonyesha gharama ya kukosa katikati. Wazee wa Kongwa bado wanasimulia mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulioamuliwa London na kuletewa matrekta kwenye udongo unaokauka ukawa kama tofali. Lakini mfano wenye mafunzo zaidi ni HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973. Kule Kondoa mmomonyoko ulikuwa umetisha, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ardhi ilipona, nyasi na miti vilirudi, na hilo ni jambo la kuheshimu. Ila familia iliyoambiwa ihamishe ng'ombe wake ilikuwa inakutana na amri, bila mtu wa kupeleka upande wa juu swali la maziwa ya watoto na samadi ya shamba. Mifugo ya kufungiwa bandani, iliyoweza kujibu sehemu ya swali hilo, ilikuja miaka kumi baadaye.

Linganisha na Kisiki Hai, mpango wa kurudisha miti mashambani ambao mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yameueneza Dodoma tangu 2018. Hakuna mche unaogawiwa. Mkulima anachagua machipukizi ya kisiki kilichomo shambani mwake, anapogolea, anaweka alama ya kitambaa, anatunza. Maarifa yenyewe yalikwisha kusambaa Niger tangu miaka ya 1980 kupitia Tony Rinaudo, Mwaustralia. Kazi kubwa ilikuwa kuyafikisha huku kwa sura ya Kigogo, kuwapata wakulima vinara wa kuwaonyesha wenzao, na kufanya kijiji kikubaliane kuhusu mbuzi wa jirani. Shirika ambalo halikugawa hata mche mmoja limeacha miti.

Kuna kazi moja ya viungo ambayo huwa haitajwi kwenye fulana, nayo ni kusaidia cha zamani kiondoke bila kuwavunja waliokitegemea. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Nimeona macho ya mama yangu yalivyoharibiwa na moshi. Lakini mkaa ni kazi ya mchomaji, ya mwenye baiskeli, ya mama anayeupima kwa kopo pembeni ya barabara. Katika vikao vyote vya wadau nilivyokaa, sijawahi kumwona mchomaji mkaa amealikwa kama mdau. Kama hao wageni wenu watamwalika, mama, nitawaheshimu hata kabla hawajafanya kingine.

Nikurudishe kwenye Alhamisi. Msiwakatae, na msiwape mwaka mzima. Wapeni miezi sita, muandike kwenye daftari la kikundi, nao wasaini. Waulizeni fedha yao inatoka wapi na mkataba wao unaisha lini, kwa sababu wengi wao wanaishi kwa miradi ya miaka miwili mitatu, na wafadhili hupenda kulipia kinachohesabika kuliko simu ishirini za kusuluhisha. Hilo si kosa lao, ila ni haki yenu kujua kama watakuwepo msimu wa pili, ule ambao mvua imekataa. Waombeni namba ya simu ya kikundi walichokiunganisha miaka mitatu iliyopita, mpige wenyewe bila wao kuwepo. Waulizeni mara ya mwisho ni lini walibadilisha jambo kwa upande wa benki, mtafiti au halmashauri, na lipi. Wakinyamaza hapo, mtajua wamekuja kuwanyoosha ninyi. Na kumbukumbu za vikao, pamoja na majina na simu za watu mtakaokutanishwa nao, zikae kwako wewe Katibu. Kiungo kinachofungia mawasiliano kwenye kompyuta yake kimesharudi kuwa dalali.

Halafu wapeni kazi ya kwanza, moja tu: mtambo wa mwenyekiti. Huenda ugonjwa ni mdogo. Gesi ya samadi hutoka na mvuke, maji yanatuama kwenye bomba na kuziba; kuna sehemu ya kuyamwaga ambayo pengine hakuna aliyeonyeshwa. Au salfa iliyomo, ile yenye harufu ya yai viza, imekula valvu au kichomeo cha jiko. Au kuba ina ufa, na hapo ni kazi ya fundi hasa. Au samadi haitoshi, na ukweli ni kwamba nyumba ile haikupaswa kujengewa mtambo. Wasilete pesa. Wamlete fundi anayeweza kuutazama, wapatikane wauza valvu, na mwenyekiti aelezwe mbele yenu itagharimu kiasi gani, nani atalipa, na samadi na maji vitatoka wapi mwezi wa kumi. Kisha wampeleke fundi huyo huyo kwa waliojenga, awaambie alichokikuta.

Niandikie baada ya Alhamisi ya pili ya mwezi ujao. Ningependa kujua walichokikuta kwenye lile bomba.